Rekodi Iandamane na Ushahidi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sifa nazo ni vivyo hivyo.

Mnamo 1982, Mmarekani Todd Rogers alitambuliwa kuwa amemaliza mbio za gari katika mchezo wa video uitwao Dragster kwa sekunde 5.51. Zama zile picha moja ya matokeo ilitosha. Kumbe programu ya mchezo huo ilipochunguzwa mwaka 2017, ilibainika kwamba muda mfupi kabisa unaowezekana ni sekunde 5.57! Mwenyewe alishikilia dai lake, lakini Twin Galaxies, watunzaji wa rekodi hizo, waliifuta mwaka 2018.

Mimi nawalaumu waamuzi kwanza. Kanuni hutangulia shindano: jaribio zima lionekane, mashine ikaguliwe, na yeyote aweze kuhakiki.

Walimu wenzangu, mwanafunzi akileta jibu la hesabu bila kuonyesha hatua, tunamnyima alama, si kwa kumshuku, bali kwa kuwa njia yake haijulikani. Naye huambiwa hayo kabla ya mtihani. Kanuni kali haimwonei mshindi wa haki. Yeye ndiye wa kwanza kulindwa nayo.