Kongo Nayo Inauza Mafuta. Mbona Murara Tunanunua kwa Chupa?

Juzi nilikuwa juu ya moto, hapa kwetu Murara, motard akasimama kwa kadhafi kutafuta lita moja. Kijana alikuwa na chupa zake mezani na kipande cha plastiki cha kumiminia. Nikamwambia kwa mzaha: «Unajua Kongo ni nchi inayouza mafuta nje?» Akacheka. «Mukubwa, inauzia nani? Haya yangu yametoka Mombasa.»

Alisema kweli, na mimi pia nilisema kweli. Naandika kwa sababu kwenye kikundi chetu watu wanaulizana kama mdogo mtu aingie fakalti ya petroli, juu bloku mpya zinakuja. Kabla ya kulipa frais ya miaka mitano, tuangalie hesabu.

Mafuta ya Kongo yanatoka Muanda, kule Kongo Central, kwenye kile kipande kidogo cha bahari tulichobakiziwa kati ya Angola na Cabinda yake. Visima vya baharini vilianza kutoa mwaka 1975. Tangu mwaka 2000 hivi kampuni inayochimba ni Perenco, ya Wafaransa na Waingereza. Kiasi ni kama mapipa 20,000 na kitu kwa siku. Angola, jirani wa pale pale, inatoa kama milioni moja.

Fanya hesabu na mimi. Mapipa 20,000 kwa siku ni milioni 7.3 kwa mwaka. Tukisema pipa ni dola 70, tunapata dola milioni 511. Siye Wakongomani tunapita milioni 100. Kila mtu dola 5 kwa mwaka. Yule kijana wa kadhafi nilipomwambia hivyo aliangalia chupa zake: hata kibido cha lita tano hakijai.

Na hizo dola 5 ni kabla ya kugawana na kampuni. Sheria yetu ya mafuta ya tarehe 1 Agosti 2015 inataka mikataba ya kugawana mazao. Maana yake ni hii: pipa likitoka, kwanza Leta inachukua mrabaha, kisha kampuni inajirudishia gharama zake kwa mafuta yenyewe, na kinachobaki njo kinagawanywa. Kwa hiyo swali kubwa la mkataba ni nani anahesabu gharama. Asilimia ya mgawo inakuja nyuma. Kampuni ikiandika kwamba bomba moja limegharimu mara mbili, na Leta haina mtu wa kukagua, sehemu ya «kinachobaki» inapungua bila mtu kuiba hata senti mbele ya macho yako. Wenzangu wa uhasibu, mlango wenu uko hapo. Watu wa kuchimba wanahitajika wachache. Watu wa kusoma fakitire wanahitajika kila mwaka.

Sasa kwa nini mafuta ya Muanda hayafiki Goma? Yanauzwa yakiwa ghafi. Kiwanda cha SOCIR pale Muanda kiliacha kusafisha zamani. Na hata kingesafisha, kutoka Muanda mpaka hapa hakuna bomba, hakuna reli nzima, barabara mnaijua. Njo maana bei za serikali zimepangwa kwa kanda, Magharibi mbali, Mashariki mbali. Sisi wa Mashariki tunategemea Mombasa na Dar es Salaam, na mpaka ukikohoa tu, kadhafi anapandisha bei. Pesa ya mauzo nayo inaingia hazina ya Kinshasa. Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema jimbo libakize asilimia 40 ya mapato ya taifa palepale yanapokusanywa. Jambo hilo halijawahi kutekelezwa ipasavyo.

Kwa kweli kinachobeba Kongo ni shaba na kobalti. Kinshasa ilipotaka kusukuma bei ya dunia, Februari 2025 ilifunga mauzo ya kobalti, na Oktoba ikaleta viwango vya kugawia kila kampuni. Kwa mafuta haiwezi kufanya hivyo. Tukifunga Muanda kesho, dunia haitasikia.

Kuhusu bloku mpya, tukumbuke. Julai 2022 Kinshasa ilitangaza mnada wa bloku 27 za mafuta na 3 za gesi. Baadhi ziliingia ndani ya Hifadhi ya Virunga, ambako SOCO ya Uingereza ilikwisha kuondoka kufuatia makelele ya mwaka 2014. Oktoba 2024 waziri Aimé Sakombi akafuta mnada wa mafuta. Wanunuzi wa maana hawakuja. Mwaka 2025 zikatangazwa bloku 52. Namba imepanda. Lakini Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23, benki zikafungwa, ndege zikaacha kutua. Nani ataleta mtambo wa mamilioni kwenye ardhi ambayo anayesaini mkataba haishiki?

Tusiwaonee wivu sana Waangola vilevile. Julai 2025 bei ya mazutu ilipopandishwa Luanda, mgomo wa teksi uligeuka ghasia na watu kama 30 wakafa. Mapipa milioni moja kwa siku hayakuwazuia.

Mdogo wangu akiniuliza, nitamwambia asome umeme, au gesi. Nasema hivyo kwa sababu ya ziwa. Chini ya Kivu kuna methani, karibu kilometa za ujazo 60, yetu na ya Rwanda. Upande ule, KivuWatt inatoa megawati 26 tangu 2016, na mtambo wa pili mkubwa zaidi umefuata. Upande wetu, washindi wa bloku 3 za gesi walitangazwa Januari 2023, na mpaka leo hakuna hata taa moja. Lakini gesi hii haihitaji kupita Muanda wala Mombasa. Wanunuzi wake wako hapa hapa: viwanda vya unga, hospitali, sisi wenye kuchaji simu kwa jirani. Siku kazi ikianza, watahitaji watu wanaojua kutoa gesi bila kutikisa maji ya chini, na pia watu wa kusoma mkataba kabla ya kusainiwa. Kwenye kikundi chetu, hawa wa pili nimehesabu wawili.