Mashimo ya Mwezi na Umri wa Nyuso za Sayari

Mwezi ukiwa nusu, darubini ndogo inatosha kuyaonyesha mashimo yake: kwenye mpaka wa mwanga na giza kila ukingo hutupa kivuli kirefu, na duara moja huonekana limekata jingine. Wengi huamini kwamba Mwezi ulipigwa mno na vimondo huku Dunia ikinusurika. Si kweli. Dunia ni pana zaidi na mvutano wake ni mkubwa zaidi, kwa hiyo imepigwa mara nyingi kuliko Mwezi. Tofauti imo katika yaliyofuata. Huku kwetu mvua na mito husaga kingo, mchanga hufukia, na sakafu ya bahari huzama na kuundwa upya, hata karibu yote haijafikisha umri wa miaka milioni 200. Ndiyo maana mashimo yaliyothibitishwa duniani ni takriban 200 tu, na lile la Vredefort, Afrika Kusini, lenye miaka bilioni 2 hivi, limebakiza vilima vilivyojipanga kwa mviringo. Uso wenye makovu mengi, basi, ni uso mzee ambao kwa muda mrefu haujapata cha kuufuta.

Hoja hii ingeanguka kama mashimo ya Mwezi yangekuwa ya volkano, na kwa karne kadhaa wasomi wengi waliamini hivyo. Mwaka 1665 Robert Hooke wa Uingereza alidondosha risasi kwenye udongo uliolowa akapata mashimo yanayofanana na yale ya Mwezi. Lakini enzi zake haikujulikana ni mawe gani yangeweza kuanguka huko, akaegemea nguvu za ndani. Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kuuliza swali hilohilo, maana Ngorongoro ni duara la upana wa kilomita 20 hivi na halikuchimbwa na kimondo: ni volkano iliyojiporomokea. Itazame sakafu yake, hata hivyo. Ipo mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, juu sana kuliko bonde la Ziwa Eyasi lililo jirani, kwa kuwa ni mlima uliobomoka. Sakafu za mashimo makubwa ya Mwezi ziko chini ya ardhi inayoyazunguka. Wengine walihoji mbona ni ya duara, ilhali mawe huja kwa mshazari. Jibu ni mwendo: jiwe linalokuja kwa kilomita 20 kwa sekunde hulipuka kama bomu, na mlipuko hutanuka pande zote. Kisha mwaka 1960 Eugene Shoemaker na wenzake walitangaza kwamba wamepata koesiti katika shimo la Arizona, Marekani, madini yanayohitaji mgandamizo ambao mlipuko wa volkano hauwezi kuutoa.

Hapo ndipo kuhesabu mashimo kunapogeuka kuwa kupima umri. Mabaka meusi ya Mwezi yana mashimo machache kuliko nyanda za juu zenye weupe, na mawe yaliyoletwa na wanaanga wa Apollo kati ya 1969 na 1972 yalithibitisha: mengi ya mabakani yana miaka bilioni 3 na kitu, ya nyanda za juu yanapita bilioni 4. Zuhura ina mashimo yasiyofika 1,000 sayari nzima, kwa hiyo sehemu kubwa ya uso wake ina umri usiofika miaka bilioni moja. Io, mwezi wa Mshtarii, haujaonekana na shimo hata moja la kimondo. Mvutano wa Mshtarii huukanda mpaka ndani ukayeyuka, na volkano zake hufukia kila kovu.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba kipigo kimoja hurusha vipande vinavyochimba mashimo mengine madogo, na hesabu ikavurugika. Ni kweli, na ndiyo sababu watafiti hutegemea zaidi mashimo makubwa na kuyatenga yaliyojipanga kwa misururu. Kipimo kilihitaji pia mawe ya umri wa kati, ambayo Apollo haikuleta. Chombo cha China, Chang'e 5, kiliyaleta mwaka 2020: yalikuwa na miaka bilioni 2, ndani ya makadirio ya waliohesabu mashimo, ingawa makadirio hayo yalitofautiana kwa zaidi ya miaka bilioni moja. Kwa Mirihi bado tunaazima kipimo cha Mwezi na kukirekebisha, kwa hiyo umri unaotajwa wa mitiririko ya lava kwenye mlima Olympus Mons, wenye kimo cha kilomita 22 hivi, utabaki makadirio hadi mawe yake yapimwe.