East African Airways

East African Airways (kifupi: EAA), yaani Shirika la Ndege la Afrika ya Mashariki, lilikuwa shirika la ndege lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na baada ya Muungano wa 1964 na nchi tatu za Kenya, Uganda na Tanzania. Lilianza kuruka tarehe 1 Januari 1946 na likasimama mwanzoni mwa 1977. Makao makuu yake yalikuwa Nairobi. Kenya Airways, Air Tanzania na Uganda Airlines zote ni watoto wa shirika hili.

Kabla ya 1946

Usafiri wa ndege wa kibiashara katika eneo hili ulianza na Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, mjane wa mlowezi. Rubani wake wa kwanza alikuwa Tom Campbell Black. Kampuni ilianza na ndege moja ndogo, ikaja kubeba barua na abiria kati ya Nairobi, Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza, ndege na marubani wake walichukuliwa na jeshi, na mwaka 1940 kampuni ikafungwa. Jina lake limebaki katika Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi.

Kuanzishwa na kukua

Vita vilipokwisha, serikali za kikoloni ziliona kwamba hakuna hata koloni moja lenye abiria wa kutosha kuendesha shirika lake peke yake. Hivyo waliweka mtaji wa pamoja, lakini si kwa mafungu sawa: Kenya ilitoa zaidi ya theluthi mbili, Uganda na Tanganyika zikafuata, na mchango wa Zanzibar haukufika asilimia moja. Tofauti hii ya mwanzo inafaa kukumbukwa, kwa sababu kila mabishano yaliyofuata yalirudi katika swali lilelile la nani ametoa nini na nani anapata nini.

Ndege za kwanza zilikuwa sita za aina ya de Havilland Dragon Rapide, zenye mabawa mawili juu na chini, zilizotengenezwa kwa mbao na kitambaa. Baadaye zilikuja Lockheed Lodestar, kisha DC-3, ambayo iliweza kutua katika viwanja vya udongo na kwa hiyo ikaifaa mno Tanganyika yenye miji iliyo mbalimbali. Ajali mbaya ya miaka hiyo ilitokea tarehe 18 Mei 1955, DC-3 iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ilipogonga Mlima Kilimanjaro. Watu wote 20 waliokuwemo walikufa.

Safari za London zilianza mwaka 1957. Mwaka 1958 ulifunguliwa uwanja mpya wa Embakasi, ambao leo ni Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, na shirika likahamia huko kutoka Eastleigh. Mwaka 1960 EAA ilipokea Comet 4, ndege ya jeti, wakati ambapo nchi zote wanachama bado zilikuwa chini ya Uingereza. Fokker F27 ziliingia 1962 kwa safari za ndani, na kuanzia 1966 zikaja Super VC10, ndege tano kwa jumla. Zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo ubavuni, ili zibebe abiria na shehena kwa pamoja. DC-9 zilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Tarehe 18 Aprili 1972 moja ya Super VC10 hizo, ikiwa njiani kutoka Nairobi kwenda London, ilishindwa kupaa katika uwanja wa Addis Ababa. Tairi la mbele lilipasuka baada ya kukanyaga kipande cha chuma kilichokuwa barabarani, rubani akaamua kusimama, lakini breki hazikutosha na ndege ikaporomoka mwishoni mwa njia ya kurukia. Kati ya watu 107 waliokuwemo, 43 walikufa.

Ndege moja, nchi tatu

Kila ndege duniani husajiliwa katika nchi moja, na alama za usajili huandikwa ubavuni: 5Y ni Kenya, 5H ni Tanzania, 5X ni Uganda. EAA ilizigawa ndege zake katika orodha hizo tatu. Katika zile Super VC10 tano, mbili zilikuwa za usajili wa Tanzania, mbili za Uganda na moja ya Kenya, ingawa zote zilitengenezwa katika karakana za Nairobi na zilibeba jina lilelile. Kwenye karatasi huu ulikuwa mgawo wa haki. Kwa kweli haukubadili jambo lililowaudhi washirika wawili, yaani kwamba ajira za ufundi na ofisi kuu zilikuwa Nairobi, na mtalii aliyetua Nairobi alilala kwanza katika hoteli za Kenya kabla ya kuvuka kwenda Serengeti.

Mkataba wa Ushirikiano wa Afrika ya Mashariki, uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na marais Jomo Kenyatta, Milton Obote na Julius Nyerere, ulijaribu kuponya malalamiko hayo. Makao ya Jumuiya yaliwekwa Arusha, Shirika la Bandari likapelekwa Dar es Salaam, na Shirika la Posta na Simu Kampala. Reli na ndege zilibaki Nairobi. Mwaka 1971 Tanzania ilifungua Uwanja wa Kimataifa wa Kilimanjaro ili watalii watue upande wake moja kwa moja.

Kenya nayo ilikuwa na malalamiko yake. Safari nyingi za ndani ya Tanzania zilikuwa za hasara: masafa marefu, abiria wachache. Tanzania ilizihesabu kuwa huduma kwa wananchi, Kenya ikaziona kuwa mzigo uliolipwa na faida ya njia ya London. Kwa maoni ya mwandishi huyu pande zote mbili zilisema kweli. Shirika halikuwahi kuamua kama ni biashara au ni huduma, na bila uamuzi huo hesabu haziwezi kuafikiwa.

Kuvunjika

Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, na Mamlaka ya Marais watatu, chombo ambacho pekee kiliweza kukata mashauri makubwa ya Jumuiya, hakikukutana tena. Baraza la mawaziri liliendelea, lakini migogoro mizito haikuwa na pa kupelekwa. Wakati huohuo bei ya mafuta ilipanda sana baada ya 1973. Fedha za tiketi zilizouzwa katika kila nchi zilipaswa kupelekwa Nairobi. Kadiri fedha za kigeni zilivyoadimika ndivyo zilivyochelewa au kuzuiwa, na madeni ya mafuta na vipuri yakalundikana.

Uganda iliunda Uganda Airlines mwaka 1976. Kenya ilisajili Kenya Airways tarehe 22 Januari 1977, na siku chache baadaye ndege za EAA zikazuiliwa ardhini Nairobi. Serikali ya Kenya ilisema wenzake hawakulipa madeni yao. Dar es Salaam iliamini kwamba jambo hilo lilipangwa mapema. Tarehe 4 Februari 1977 Kenya Airways ilianza kuruka kwa Boeing 707 za kukodi kutoka Uingereza, na siku hiyohiyo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Mpaka huo haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Air Tanzania iliundwa Machi 1977, na ndani ya miaka michache ilikuwa na Boeing 737 mbili.

Mali na wafanyakazi

Super VC10 nne zilizobaki zilichukuliwa na watengenezaji wake nchini Uingereza kwa sababu ya deni. Jeshi la Anga la nchi hiyo lilizinunua na kuzigeuza kuwa ndege za kuwajazia mafuta wenzao angani. Mbili kati yake ziliendelea kuruka hadi Septemba 2013, mojawapo ikiwa ile iliyowahi kuandikwa 5H-MOG, ambayo ndiyo VC10 ya mwisho kutengenezwa.

Kugawana mali nyingine kulichukua miaka saba. Msuluhishi alikuwa Mswisi Victor Umbricht, na mapatano yalitiwa saini Arusha tarehe 14 Mei 1984: Kenya ilipewa asilimia 42 ya thamani ya mali zote za Jumuiya, Tanzania 32 na Uganda 26. Kila serikali ilikubali kuwalipa raia wake waliofanya kazi katika Jumuiya na mashirika yake.

Kifungu hicho cha mwisho ndicho kilichowagusa watu wengi zaidi. Nchini Tanzania wastaafu wa iliyokuwa Jumuiya, pamoja na wale wa shirika la ndege, walidai malipo yao kwa zaidi ya miaka 20. Shauri lao lilifika Mahakama Kuu, makubaliano yakafikiwa mwaka 2005, na hata baada ya hapo wengine waliendelea kuandamana Dar es Salaam wakisema hawakulipwa kamili. Wengi walikufa wakingoja, na madai yao yakabaki mikononi mwa warithi.

Majaribio ya kuungana tena

Mashirika matatu mapya yalilemewa peke yao. Mwaka 1995 Air Tanzania na Uganda Airlines ziliungana na South African Airways katika shirika la Alliance Air, lililotumia Boeing 747SP. Lilipata hasara na kufungwa mwaka 2000, na Uganda Airlines ikafilisiwa mwaka uliofuata. South African Airways ilinunua asilimia 49 ya Air Tanzania mwaka 2002, lakini ubia ulivunjwa 2006.

Kenya Airways ilifuata njia nyingine. Mwaka 1996 iliuza asilimia 26 ya hisa zake kwa KLM ya Uholanzi, nyingine zikauzwa kwa wananchi katika soko la hisa. Mwaka 2003 ilinunua asilimia 49 ya Precision Air ya Tanzania, shirika la binafsi.

Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilianzishwa upya kwa mkataba wa 1999, bila shirika la ndege la pamoja. Tanzania ilianza kuinunulia Air Tanzania ndege mpya mwaka 2016. Uganda Airlines ilifufuliwa, na safari yake ya kwanza ya abiria, tarehe 28 Agosti 2019, ilitoka Entebbe kwenda Nairobi.