Hati za Sheli na Tofauti za Matoleo

Sheli ni programu ipokeayo maagizo ya mtumiaji na kuyafikisha kwenye mfumo wa kompyuta. Maagizo yakiandikwa kwa mfuatano katika faili moja, faili hilo huitwa hati ya sheli. Sheli itumiwayo sana ni Bash, iliyotolewa na Brian Fox mwaka 1989. Matoleo yake ni mengi, na pengine toleo jipya hubadili maana ya agizo la zamani.

Chukua mfano wa wanafunzi wa Zinga, wilayani Bagamoyo, wapimao mvua za masika na vuli kwa milimita nzima. Hati yao hukagua kwamba kila kipimo ni tarakimu tupu, na huruka kisichofaa:

[[ $mvua =~ '^[0-9]+$' ]]

Alama =~ huuliza iwapo kipimo kinafuata ruwaza iliyo upande wa kulia. Katika Bash 3.1, kipimo cha 42 hukubaliwa. Tangu toleo la 3.2, la mwaka 2006, ruwaza iliyo ndani ya alama za kunukuu husomwa herufi kwa herufi, kama maandishi ya kawaida. Basi 42 hukataliwa, na vipimo vingine vyote pia, bila onyo lolote. Masika nzima yaweza kukosekana katika kumbukumbu, na asomaye akadhani mvua haikunyesha.

Kwa ajili hiyo matoleo mapya yana mpangilio wa upatanifu, yaani njia ya kuiagiza sheli ifuate desturi ya zamani. Toleo la 4.0 lina agizo hili:

shopt -s compat31

Tangu toleo la 4.3, la mwaka 2014, yatosha pia kuandika BASH_COMPAT=3.1 mwanzoni mwa hati. Lakini toleo la 3.2, ambalo kompyuta za Mac zimekuja nalo kwa miaka mingi, huliona jina hilo kuwa kigeu cha kawaida tu, na kosa hubaki palepale. Aidha, mpangilio huu haulipi toleo kongwe uwezo mpya.

Dawa iliyo bora ni kuiweka ruwaza katika kigeu:

ruwaza='^[0-9]+$'
[[ $mvua =~ $ruwaza ]]

Maandishi haya yana maana moja katika matoleo yote yaliyotajwa. Mpangilio wa upatanifu ubakie kuwa tegemeo la muda kwa hati ambazo hazijarekebishwa. Na kila sheli ibadilishwapo, hati ijaribiwe kwanza kwa 42, ambayo lazima ikubaliwe, kisha kwa neno lisilo tarakimu, ambalo lazima likataliwe.