Jikaze, jikaze... mpaka lini?

Wadau, juzi msibani nilimsikia mzee mmoja akimwambia dogo aliyefiwa na mama yake: "Jikaze, wewe mwanaume." Dogo akajikaza kweli. Chozi hata moja halikumtoka, yeye ni kupanga viti na kugawa maji tu. Watu wakamsifu. Mimi nikabaki najiuliza, hivi lile chozi limeenda wapi?

Kwa kweli haliendi popote. Mwaka 1998 mwanasaikolojia wa Marekani, James Gross, alichapisha utafiti ambao watu walionyeshwa filamu za operesheni zinazotia kinyaa. Baadhi waliambiwa wasionyeshe chochote usoni. Usoni wakawa shwari, lakini kinyaa ndani kilibaki palepale, na vipimo vikaonyesha mwili unahangaika zaidi, mishipa ya damu ya vidoleni imebana. Yaani unajikaza kwa nje, gharama unalipa ndani.

Na anayejibana kila siku hubaki mpweke. Thomas Lynch, aliyebuni tiba ya watu wa aina hii, anasema uso usioonyesha kitu huwafanya wengine washindwe kukusogelea. Si wanakuchukia, hawajui tu waingilie wapi.

Sasa msije mkasema nawatetea wanaolipuka. Mimi mwenyewe konda akinizungusha chenji ya mia mbili nawaka daladala nzima inageuka, halafu siku nzima naona aibu. Kule Dunedin, New Zealand, watafiti wamewafuatilia watoto zaidi ya 1,000 waliozaliwa 1972 na 1973. Matokeo ya 2011 yalionyesha waliokuwa wagumu kujizuia utotoni ndio waliosumbuka zaidi ukubwani kwa afya, pesa na ulevi.

Kuna kitu kimoja kwenye ule utafiti wa Gross nimekipenda. Kundi jingine liliambiwa mapema litazame filamu kwa jicho la kitaalamu, bila kujiweka ndani yake. Hao kinyaa chenyewe kilipungua, na mwili haukuhangaika kama wa wale waliojibana. Kwa hiyo hata kwa konda, ujanja ni kuwaza kabla sijapanda kwamba naye ana hesabu ya bosi kichwani. Nikishawaka, nimechelewa.

Ila mama akifa hakuna namna ya kulitazama hilo kwa jicho la kitaalamu. Jioni nilimfuata dogo nyuma ya nyumba, nikakaa naye bila kumwambia kitu. Saa tatu usiku ndo akaanza kulia.