KUZURU MAKABURI NA MAHALI PA KALE: MFANO WA BOMBO, WILAYA YA SAME

Na Afisa Habari

Watumishi wa Serikali na wananchi wanaosafiri kwenda Bara kwa kazi, masomo au mapumziko hupenda, na ni vyema, kuzuru mahali pa kale. Msikiti wa kale au ngome ya mawe hujieleza yenyewe: ina kuta, na kila mtu anafahamu kwamba haifai kuling'oa jiwe lake. Lakini makaburi na makao ya kale yaliyoko mashambani na milimani mara nyingi hayana ukuta wala kibao. Kwa sababu hiyo huharibiwa na watu wasiokusudia uovu wowote. Makala haya yanaeleza kwa nini, na yanataja mambo anayopaswa kuyazingatia kila mzuru. Mfano uliochaguliwa ni Bombo, katika Milima ya Upare.

Bombo ni wapi

Bombo ipo upande wa Gonja, Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro. Msafiri atokaye Visiwani huvuka hadi Dar es Salaam au Tanga, akashika barabara kuu ya kaskazini. Kutoka mjini Same iko njia inayopita mashariki ya milima, kupitia Kisiwani hadi Gonja Maore, na huko ndiko kunakopandwa kuelekea Bombo. Wakati wa masika njia za milimani huwa na utelezi, kwa hivyo ni bora kusafiri katika miezi ya kiangazi.

Katika maandishi ya wataalamu wa mambo ya kale mahali hapo panaitwa Bombo Kaburi. Mgeni alisikiapo jina hilo hutazamia kuona kaburi kubwa la mawe. Hata hivyo, kilichopatia mahali hapo sifa katika vitabu si jengo, bali ni vipande vya vyungu vilivyofukiwa na udongo.

Vigae vinasema nini

Katika miaka ya 1960 Taasisi ya Uingereza ya Historia na Akiolojia, yenye makao yake Nairobi, iliendesha uchunguzi juu ya asili ya wasemaji wa lugha za Kibantu. Mtaalamu Robert Soper alichimba huko Kwale, pwani ya Kenya, na akachunguza pia Milima ya Upare, ikiwemo Bombo. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1967. Vigae vya Bombo vilionekana kuwa vya aina moja na vya Kwale: midomo ya vyungu imefinyangwa kwa pembe mbili tatu, na shingoni imechanjwa mistari. Umri wake ulikadiriwa kuwa ni karne ya tatu hivi baada ya kuzaliwa Nabii Isa, yaani zaidi ya miaka 1,700 iliyopita. Huo ndio wakati wa wakulima wa mwanzo waliotumia chuma katika sehemu hizi.

Vigae vya aina hiyo vimepatikana pia katika pwani ya Tanzania na katika kisiwa cha Mafia. Kwa hivyo habari ya Bombo si ya Wapare peke yao. Watu wa milimani na wa pwani walikuwa na ufundi mmoja karne kadhaa kabla ya kujengwa Unguja Ukuu.

Inafaa kueleza namna umri huo unavyopatikana, kwani hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Kigae chenyewe hakitaji mwaka. Mtaalamu hutafuta makaa ya moto yaliyolala katika tabaka lile lile la udongo. Kila kiumbe hai kina kaboni ya aina maalumu, ambayo baada ya kufa hupungua polepole na kufikia nusu yake kwa muda wa miaka 5,730 hivi. Kwa kupima kiasi kilichobaki katika makaa, hujulikana mti ulikufa lini. Kigae hupata umri kwa kuwa jirani wa makaa hayo. Mtu akikiokota na kukitia mfukoni, ujirani huo umevunjika. Kitakuwa pambo kabatini, lakini ushahidi wake umekwisha, na hata akikirudisha mwakani hakuna awezaye kukiweka palipokuwa.

Mafuvu ya wazee

Jambo la pili ni heshima. Kwa desturi ya Wapare wa zamani, mzee wa ukoo alipofariki alizikwa, na baada ya muda fuvu lake lilifukuliwa, likatiwa katika chungu na kuwekwa pangoni au katika msitu mtakatifu wa ukoo uitwao mpungi. Hapo ndipo jamaa walipokwenda kuomba mvua, afya na amani. Hivi leo Wapare wengi ni Wakristo na Waislamu, lakini mahali hapo pana wenyewe. Mgeni anayeviona vyungu hivyo asidhani kuwa ni vyombo vilivyotupwa. Kila kimoja ni kaburi la mtu mwenye jina na kizazi.

Madhara ya kupuuza heshima hiyo yanajulikana. Enzi ya Wajerumani mafuvu mengi yalichukuliwa kutoka Afrika Mashariki na kupelekwa Berlin kwa ajili ya uchunguzi. Mwezi Septemba 2023 wenye dhamana ya mkusanyiko huo walitangaza kwamba uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa baadhi ya mafuvu yana jamaa walio hai huko Kilimanjaro. Familia zimekaa zaidi ya miaka mia moja bila ya kujua wazee wao wamelala wapi. Na si wageni peke yao wenye makosa. Katika sehemu nyingi za Bara makaburi na mapango yamefukuliwa na wenyeji kwa uvumi kwamba Wajerumani walizika dhahabu na rupia. Kinachopatikana ni mifupa, na mifupa huachwa juani. Masheikh wetu wametufundisha kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja wa aliye hai.

Sheria

Mambo ya kale si jambo la Muungano. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, na kuchimba bila ya leseni ni kosa. Zanzibar ina sheria yake, ambayo asili yake ni dikrii ya mwaka 1927. Mtumishi wa Serikali asijitetee kuwa hakujua kwa sababu yuko upande mwengine wa maji.

Mambo ya kuzingatia

1. Mgeni aripoti kwanza kwa mwenyekiti au mtendaji wa kijiji, kama vile hapa kwetu mgeni apitavyo kwa sheha.

2. Aongozwe na mzee au kijana aliyeteuliwa na wenyeji. Akiambiwa kuwa mahali fulani hapaingiwi, asiingie.

3. Asiokote kigae, jiwe, chuma wala mfupa, wala asihamishe kitu ili apate picha nzuri.

4. Asipige picha ya mafuvu au vyungu vyake bila ya idhini ya ukoo.

5. Akiona kitu kilichofukuliwa na mvua au jembe, akiache kilipo na atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji.

Masharti haya yanatumika vile vile hapa Visiwani. Pango la Kuumbi, Jambiani, lilikaliwa na watu zaidi ya miaka 17,000 iliyopita, na mashamba ya Unguja Ukuu yamejaa vigae vya kale ambavyo watoto huchezea. Wazazi, walimu na masheha wanaombwa kuwaeleza vijana kwamba kigae kilichoachwa ardhini bado kinaweza kusomwa, na kilichookotwa hakisomeki tena.