Pumu kwa Vijana: Kifua Kikitulia, Ugonjwa Haujaondoka



Kiangazi kinapoingia huku kwetu Gwarama, na kote Kibondo na Kasulu, asubuhi huwa na baridi, vumbi hutanda barabarani, na moshi wa mashamba yanayochomwa hufunika vilima. Majira hayo familia yenye mtoto wa pumu hulala kwa wasiwasi. Mwezi huu tunapenda kuzungumza na wazazi ambao vijana wao hutumia dawa za kuvuta, kwa maana wengi wetu tunafanya kosa moja.

Pumu ni nini?

Ni ugonjwa wa mirija inayopitisha hewa mapafuni. Kwanza, ndani ya mirija kuna uvimbe, na uvimbe huo huweza kuwepo hata siku ambayo kijana anacheza mpira bila shida. Pili, misuli inayozunguka mirija hukaza. Hapo kifua hubana na kulia kama filimbi. Pumu haiambukizi, wala haitokani na kurogwa.

Kosa letu

Inhela ya buluu, yaani salbutamoli, hulegeza misuli kwa saa chache tu. Kijana akipata nafuu tunadhani amepona. Lakini dawa hiyo haigusi uvimbe. Ni sawa na kukinga maji kwa sufuria bila kuziba bati linalovuja. Uvimbe ukiachwa, usiku mmoja kijana anaweza kubanwa hata inhela isimsaidie, na wapo wanaofariki hivyo. Ndiyo sababu mwaka 2019 wataalamu wa pumu wa kundi la kimataifa liitwalo GINA walishauri kwamba mwenye miaka 12 na zaidi asitibiwe kwa inhela ya buluu peke yake.

Dawa mbili katika inhela moja

Siku hizi ipo inhela yenye budesonidi, inayopunguza uvimbe, pamoja na formoteroli, inayofungua mirija upesi na kuiacha wazi kwa saa nyingi. Kijana huivuta anapobanwa, na daktari akiagiza, huivuta pia asubuhi na jioni kila siku. Lakini angalieni: inhela nyingine za mchanganyiko, kama zenye salmeteroli, ni za asubuhi na jioni tu, hazifai kwa kutuliza. Mwulizeni mganga yenu ni ipi.

Inhela hii haipatikani kila mahali, na bei yake ni kubwa. Ikikosekana, ombeni inhela ya kupunguza uvimbe, kama beklometasoni, itumike pamoja na ile ya buluu. Msiiache eti kwa kuwa kijana hajabanwa mwezi mzima. Hajabanwa kwa sababu anaitumia.

Wapo wasemao kwamba anayeanza inhela haponi tena. Si kweli. Dawa ya kuvuta ni kidogo na huenda moja kwa moja mapafuni. Baada ya kuivuta asukutue maji na kuyatema, ili asipate utando mweupe kinywani.

Chupa ya plastiki

Dawa ya kupuliza huishia kooni kama mtoto hajui kuivuta. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita husaidia. Toboeni kitako kwa waya wa moto, tundu lienee mdomo wa inhela barabara. Pulizeni mara moja. Mtoto avute pumzi taratibu kupitia mdomo wa chupa, kisha mpulize tena. Chupa haifai kwa inhela za unga.

Msichelewe

Kijana akishindwa kumaliza sentensi, mbavu zikivutwa ndani au midomo ikibadilika rangi, mpeni inhela ya buluu kwa chupa, mpulizo mmoja mmoja, 4 hadi 10. Rudieni kila baada ya dakika 20 huku mkimpeleka hospitali. Msingoje kukuche.

Nyumbani na shuleni

Asilale chumba chenye moshi wa kuni, wala mtu asivute sigara karibu naye. Mwalimu aelezwe, na inhela ikae mfukoni mwa kijana, si kabatini ofisini. Vijana wengi huificha kwa aibu. Wazazi, tuwatie moyo: kuvuta dawa mbele ya wenzako si aibu.